Siku Sitini za Kupinga: Rufaa ya Malipo ya Ulemavu Jijini Nairobi

Nchini Kenya hakuna mfuko mmoja unaoitwa pensheni ya ulemavu, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu aliyenyimwa malipo anapaswa kulifahamu kabla hajashika kalamu kuandika rufaa. Malipo anayoweza kudai mtu aliyepata ulemavu wa kudumu hutegemea mahali alipoumia, aliyemwajiri na michango iliyokatwa katika mshahara wake. Aliyeumia akiwa kazini hudai fidia chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wafanyakazi na mawakili huitaja kwa ufupisho wake, WIBA. Aliyeugua au kuumia nje ya kazi hudai pensheni ya kutojiweza kutoka Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Mwanachama wa mfuko wa kustaafu wa kampuni hudai kwa wadhamini wa mfuko huo. Na mtumishi wa serikali hustaafishwa kwa sababu za kiafya, kisha akalipwa na Idara ya Pensheni iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Kila mojawapo ya ofisi hizi ina sheria yake, madaktari wake na namna yake ya kukataa, na rufaa iliyoandikwa vizuri lakini ikapelekwa kwa ofisi isiyohusika humla mwombaji muda ambao hana.

Kwa mkazi wa Kangemi, Kawangware au Uthiru, ofisi hizo zimetawanyika pande zote za mji. NSSF iko katika jumba la Social Security House, Bishops Road, katika eneo la Community, si mbali na Mahakama za Milimani; mamlaka inayosimamia mifuko ya kustaafu, RBA, iko Rahimtulla Tower huko Upper Hill; Idara ya Pensheni imekuwa Bima House, Harambee Avenue, katikati ya jiji; nayo makao makuu ya Idara ya Usalama na Afya Kazini, inayoamua madai ya WIBA, yako Commercial Street katika Eneo la Viwandani, upande wa pili kabisa wa mji. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, liko Waiyaki Way mkabala na ABC Place, ndani ya kiwanja cha karakana ya viungo bandia ya Kabete. Mtu anayetembea kwa magongo, au anayetegemea kiti cha magurudumu ambacho matatu nyingi hazina nafasi ya kukipokea, hulazimika kubadilisha gari katikati ya jiji, kupanga foleni, kisha kuambiwa arudi na nakala nyingine. Ni haki kusema wazi kwamba mpangilio huu unamlemea yule yule ambaye sheria ilitungwa kumfaa, na kwamba wengi wanaoacha madai yao njiani hawaachi kwa kukosa haki, huacha kwa kukosa nauli na nguvu.

Kati ya njia hizo zote, ile ya WIBA ndiyo inayowagusa wakazi wengi wa mitaa ya magharibi, kwa sababu majumba ya ghorofa yanayozidi kupanda Westlands, Kileleshwa, Kilimani na Lavington hujengwa na vibarua wanaotoka Kangemi na Kawangware, na kazi ya ujenzi, maarufu kama mjengo, ni kazi inayovunja mikono, migongo na macho. Sheria hiyo ilianza kutumika mwezi Juni 2008, ikachukua nafasi ya sheria ya zamani ya fidia kwa wafanyakazi, na ilikusudiwa kumwondolea aliyeumia mzigo wa kumshtaki mwajiri wake mahakamani na kuthibitisha kosa. Badala ya kesi, dai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye huchunguza ajali, hupokea ripoti ya daktari, hukadiria kiwango cha ulemavu kwa asilimia, na kumwandikia mwajiri au kampuni yake ya bima kiasi kinachopaswa kulipwa.

Mpango huo haukupokewa kwa moyo mmoja. Chama cha Mawakili nchini kilikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 4 Machi 2009 Jaji Jackton Ojwang akatangaza kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vilikiuka Katiba, kikiwemo kifungu cha 16 kinachomzuia mfanyakazi kufungua kesi ya kudai fidia, na kifungu cha 52, ambacho ndicho kinachoweka njia ya rufaa. Kwa zaidi ya miaka minane mfanyakazi aliyeumia aliishi kati ya sheria mbili, hadi Mahakama ya Rufaa ilipotengua sehemu kubwa ya uamuzi huo tarehe 17 Novemba 2017, na Mahakama ya Juu ikaukubali msimamo wa Mahakama ya Rufaa tarehe 3 Desemba 2019. Tangu siku hiyo mlango wa kwanza wa kudai fidia ya jeraha la kazini ni ofisi ya Mkurugenzi, na anayekwenda mahakamani moja kwa moja hurudishwa. Ndiyo maana kuelewa namna ya kupinga uamuzi wa Mkurugenzi kumekuwa jambo la lazima, kwani palipokuwa na njia mbili sasa pamebaki moja.

Dai lenyewe huanza na taarifa. Mfanyakazi, au mtu kwa niaba yake, humjulisha mwajiri kwa mdomo au kwa maandishi mara ajali inapotokea. Mwajiri naye anatakiwa kumjulisha Mkurugenzi katika muda wa siku 7, au saa 24 ikiwa mtu amefariki. Na dai lazima liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa malipo ya vipindi kwa muda usiozidi miezi 12, na baada ya hapo swali linalobaki ni kama jeraha limeacha ulemavu wa kudumu na kwa kiwango gani. Hapo ndipo asilimia inapokuwa na uzito wa pesa, kwa kuwa fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa kuchukua mapato ya miezi 96 na kuyazidisha kwa asilimia iliyokadiriwa. Fundi anayepata shilingi 20,000 kwa mwezi, akikadiriwa ulemavu wa asilimia 10, atalipwa shilingi 192,000. Akikadiriwa asilimia 25, atalipwa shilingi 480,000. Tofauti hiyo ya shilingi 288,000, ambayo ni zaidi ya mshahara wake wa mwaka mzima, hutegemea sentensi mbili tatu zilizoandikwa na daktari katika fomu moja.

Kukataliwa kwa hiyo huja kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni kunyimwa kabisa, pale inapodaiwa kwamba jeraha halikutokana na kazi au kwamba aliyeumia hakuwa mwajiriwa. Sura ya pili ni kukubaliwa kwa asilimia ndogo isiyolingana na hasara iliyompata mtu. Wengi huidhania sura ya pili kuwa ushindi mdogo usiopingika, wakapokea hundi na kunyamaza, ilhali sheria inairuhusu kupingwa sawasawa na ile ya kwanza, kwa kuwa kifungu cha 51 kinazungumzia uamuzi wowote wa Mkurugenzi. Mwajiri pia ana haki hiyo hiyo ya kupinga, na waajiri wenye mawakili huitumia.

Muda wa kupinga unahitaji kusomwa kwa makini, neno kwa neno. Kifungu cha 51 kinampa asiyeridhika siku 60 tangu uamuzi ulipotolewa kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi mwenyewe, kwa fomu iliyowekwa na kwa maelezo mafupi ya anachokipinga. Kifungu cha 52 kinamtaka Mkurugenzi ajibu kwa maandishi ndani ya siku 14, akibadilisha au kuthibitisha uamuzi wake na kueleza sababu, kisha kinampa mpingaji siku 30 tangu alipolipokea jibu hilo kukata rufaa kwa mahakama inayoitwa leo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hesabu ya kwanza inaanza siku uamuzi ulipofanywa, hesabu ya pili inaanza siku jibu lilipomfikia mhusika. Barua iliyoandikwa tarehe 3 na kuchukuliwa na mwenyewe tarehe 28 tayari imekula siku 25 za muda wa kupinga, wakati ambapo aliyeumia alikuwa Kawangware akisubiri simu. Anayefuatilia dai lake anapaswa basi kuuliza kila mara kama uamuzi umeshatolewa na umeandikwa tarehe ngapi, na kuhifadhi bahasha pamoja na barua.

Pingamizi lenyewe huandaliwa kwa nakala mbili, moja ikabaki ofisini na ya pili ikapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi na mwenye dai. Muhuri huo mdogo wa wino, ambao karani huugonga kwa sekunde moja, ndio ushahidi pekee kwamba siku 60 hazikupita, na mahakamani hapana maelezo ya mdomo yanayoweza kuziba pengo lake. Jibu la Mkurugenzi lisipotoka katika siku 14, mwombaji aandike tena akikumbusha tarehe ya pingamizi, naye apigiwe muhuri tena, kwa maana ofisi iliyokaa kimya haimpi mtu uamuzi wa kukatia rufaa, na kumbukumbu ya ukimya huo itamfaa mbele ya taasisi nyingine zitakazotajwa baadaye.

Kinachoandikwa ndani ya pingamizi ndicho kinachoamua matokeo yake. Mtu aliyeonewa hutaka kusimulia shida zake zote, watoto waliorudishwa nyumbani kwa karo na kodi ya nyumba iliyolimbikizwa, na shida hizo ni za kweli, lakini mkaguzi wa dai hana mamlaka ya kulipia karo. Ana mamlaka ya kusahihisha uamuzi uliokosea. Pingamizi hujibu sababu iliyotolewa. Ikiwa sababu ni kwamba aliyeumia hakuwa mwajiriwa, kama inavyowatokea vibarua wasio na barua ya ajira, jibu ni ushahidi wa ajira: ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha malipo ya kila Jumamosi kutoka kwa nyapara au mwanakandarasi, jina lake katika daftari la mahudhurio, picha za simu zilizopigwa kazini, na maelezo yaliyotiwa saini na wenzake wawili waliokuwa kwenye jukwaa moja naye. Ikiwa sababu ni kwamba alijiumiza kwa uzembe, jibu liko ndani ya sheria, kwa kuwa WIBA haiulizi nani mwenye kosa. Kinachoweza kumnyima mtu fidia ni utovu wa makusudi, na hata huo haumnyimi ikiwa jeraha limemwachia ulemavu mkubwa au limemuua. Ikiwa sababu ni kwamba ajali ilitokea njiani, itafaa kukumbuka kwamba mfanyakazi anayesafirishwa kwenda au kutoka kazini kwa gari ambalo mwajiri amelitenga kubeba wafanyakazi wake huhesabiwa kuwa yuko kazini.

Ugomvi kuhusu asilimia ndio mgumu zaidi, na ndio unaohitaji kuelezwa kwa urefu. Sheria ina Jedwali la Kwanza linaloorodhesha viungo na kiwango cha ulemavu cha kila kimoja. Kupoteza mikono yote miwili, kwa mfano, au kupoteza uwezo wa kuona kabisa, ni asilimia 100. Jedwali hutazama kiungo na halimtazami mwenye kiungo, ndiyo maana kidole cha karani na kidole cha fundi wa kushona huanza na hesabu moja. Lakini kifungu cha 30, ambacho ndicho kinacholipa jedwali nguvu, kinampa Mkurugenzi uwezo wa kupandisha asilimia pale jeraha lililoorodheshwa linapokuwa na madhara makubwa yasiyo ya kawaida kwa sababu ya aina maalum ya kazi ya aliyeumia, na pale jeraha lisipokuwa kwenye jedwali kinamwachia akadirie bila kwenda kinyume na mwelekeo wa jedwali. Kifungu hicho ni nguzo ya pingamizi nyingi ambazo zingepaswa kuandikwa na haziandikwi.

Mwashi aliyevunjika kifundo cha mkono wa kulia, mfupa ukaunga vibaya, anaweza kuandikiwa na daktari kwamba mkono umepona na unahitaji mazoezi ya viungo. Maneno hayo ni ya kweli kitabibu, na yanamwangamiza kifedha, kwa sababu hayasemi kwamba mkono huo hauwezi tena kuzungusha mwiko ukiwa umebeba udongo, wala kushika chokaa juu ya kichwa, wala kupanda ngazi huku umeng'ang'ania nguzo ya jukwaa. Ripoti ya pili ya daktari, ikiwezekana ya bingwa wa mifupa, inapaswa kueleza mambo matatu kwa uwazi: kiungo kinapinda kwa kiwango gani na hakipindi kwa kiwango gani, hali hiyo ni ya kudumu au bado inatarajiwa kubadilika, na ni vitendo gani vya kazi ya mhusika ambavyo hawezi tena kuvifanya. Daktari hawezi kuyaandika hayo asipoelezwa kazi yenyewe, na madaktari wa hospitali za umma huwaona wagonjwa wengi kwa siku. Kwa hiyo mgonjwa aende na karatasi iliyoorodhesha kazi zake za siku, hatua kwa hatua, aiache ndani ya faili. Pamoja na ripoti hiyo huwekwa maelezo ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, picha za eksirei zenye tarehe, kadi ya kliniki na karatasi za mshahara, kwa kuwa asilimia sahihi iliyozidishwa kwa mshahara usio sahihi bado ni dhuluma.

Hata hivyo, anayeshinda chini ya WIBA hulipwa kwa mkupuo mmoja, na mwandishi yeyote anayelitazama jambo hili kwa uaminifu hana budi kuuliza kama mkupuo unamfaa mtu ambaye hatafanya kazi tena kwa miaka 30 ijayo. Tanzania Bara ilichagua njia nyingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kukusanya michango mwaka 2015, humlipa kwa mkupuo aliyepata ulemavu usiozidi asilimia 30, na aliyezidi kiwango hicho humlipa pensheni ya kila mwezi. Kule mwenye ulemavu mkubwa hubaki na kipato. Huku hubaki na akaunti inayopungua.

Pensheni ya kila mwezi ipo Kenya kwa njia ya NSSF, ingawa imefungwa kwa masharti. Hazina hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1965, kwa miongo mingi ilikuwa mfuko wa akiba uliolipa kwa mkupuo, na mchango wake kabla ya mageuzi ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri kwa mwezi. Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 ilianzisha mfuko wa pensheni wenye mchango wa asilimia 6 kutoka kila upande, ila kesi zilizoipinga ziliifanya michango hiyo mipya isianze kukatwa hadi Februari 2023, baada ya Mahakama ya Rufaa kutengua uamuzi wa mwaka 2022 uliokuwa umeifuta sheria. Chini ya sheria hiyo, pensheni ya kutojiweza hulipwa kwa mwanachama ambaye bodi ya madaktari imethibitisha kwamba ana ulemavu wa kudumu wa mwili au akili, na ambaye amechangia angalau miezi 36 mara tu kabla ya kupata ulemavu. Michango iliyolipwa chini ya mpango wa zamani hubaki katika mfuko wa akiba wa zamani, nayo hudaiwa kwa masharti ya mfuko huo.

Masharti hayo mawili huzaa aina mbili za kukataliwa. Anayeambiwa kwamba ulemavu wake si wa kudumu hukabili tatizo la kitabibu linalotatuliwa kwa ripoti ya bingwa, hasa katika magonjwa yanayopanda na kushuka kama ya akili, kifafa au ya figo, ambapo bodi humwona mgonjwa siku moja aliyoamka vizuri na kuandika kile ilichokiona. Hapo faili ya matibabu ya miaka kadhaa, yenye tarehe za kulazwa na dawa zilizobadilishwa, huwa na nguvu kuliko barua moja iliyoandikwa kwa ajili ya rufaa. Anayeambiwa kwamba michango yake haikutimia hukabili tatizo la hesabu, na mara nyingi tatizo hilo si lake: karatasi zake za mshahara zinaonyesha makato ya kila mwezi ambayo mwajiri hakuyafikisha. Wafanyakazi wa nyumbani wa Lavington na Kileleshwa, na walinzi wa kampuni ndogo ndogo, wamo katika hatari hii kila siku. Kutowasilisha michango ni kosa la mwajiri kisheria, na hoja ya rufaa ni kwamba hazina iliyopewa mamlaka ya kumfuata mwajiri isimwadhibu mfanyakazi kwa kosa la mwingine. Taarifa ya michango ikilinganishwa mwezi kwa mwezi na karatasi za mshahara, mapengo huonekana yenyewe.

Mgogoro na NSSF usiposuluhishwa ndani ya hazina, hupelekwa kwa Jopo la Rufaa la Malipo ya Kustaafu, chombo kinachofanya kazi kama mahakama ndogo maalum na kilichoundwa chini ya Sheria ya Malipo ya Kustaafu ya mwaka 1997. Jopo hilo hilo ndilo linalowahudumia wanachama wa mifuko ya kampuni, lakini wao wana hatua moja ya ziada: uamuzi wa wadhamini hupelekwa kwanza kwa maandishi kwa Afisa Mkuu Mtendaji wa RBA, akiombwa auangalie upya kama unafuata kanuni za mfuko na sheria, na asiyeridhika na uamuzi wake ana siku 30 za kukata rufaa kwa jopo. Mwanachama wa mfuko wa kampuni aombe kanuni za mfuko kabla ya lolote, kwa sababu tafsiri ya kutojiweza hutofautiana kutoka mfuko hadi mfuko; mmoja huhitaji mtu asiweze kazi yoyote, mwingine hutosheka akishindwa na kazi yake mwenyewe, na rufaa nzima inaweza kusimama juu ya tofauti hiyo.

Kwa watumishi wa serikali njia ni finyu zaidi. Sheria ya Pensheni iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni inasema katika kifungu cha 5 kwamba hakuna ofisa aliye na haki kamili ya kulipwa pensheni, sentensi ambayo haikai vizuri hata kidogo kando ya Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010, inayomhakikishia kila mtu hifadhi ya jamii. Aliyekataliwa kwa msingi wa ripoti ya bodi ya madaktari huomba kupimwa upya kupitia wizara au tume iliyomwajiri, na anapogonga ukuta hutegemea zaidi Ibara ya 47 ya Katiba, inayompa kila mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Uamuzi wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015 inaongeza kwamba ofisi ikishindwa kutoa sababu ilizoombwa, itachukuliwa kwamba iliamua bila sababu ya maana mpaka ithibitishe vinginevyo. Sheria hiyo hiyo inamtaka mlalamishi amalize kwanza njia za ndani za rufaa kabla ya kwenda mahakamani, kwa hiyo hata wakili hodari hawezi kumrukisha mteja hatua alizoziruka mwenyewe.

Hapa ndipo panapofaa kutaja chombo ambacho wengi hawakijui kuwa chao. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba nakala ya ripoti ya bodi ya madaktari, kumbukumbu za kikao na hesabu iliyotumika, na inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na afisa wa habari ana wajibu wa kumsaidia asiyeweza kuandika kwa sababu ya kutojua kusoma au kwa sababu ya ulemavu. Ofisi ikikataa, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana kama Ombudsman, iliyoko West End Towers, Waiyaki Way, Westlands, kwenye njia ile ile ya matatu zinazotoka Kangemi. Tume hiyo haitozi ada, na pia hupokea malalamiko kuhusu ucheleweshaji na majibu yasiyotolewa. Nakala zenye mihuri ya tarehe zilizotajwa awali ndizo inazozihitaji. Hata hivyo, haiwezi kuingilia jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo anayetaka msaada wake aende kwanza kwa tume hiyo.

Kadi ya NCPWD huleta mkanganyiko wa kila mara. Mtu aliyepimwa katika hospitali iliyoidhinishwa na kusajiliwa na baraza hupata manufaa mengine, kama vile kuomba msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mwezi, na aliye na ulemavu mkubwa unaohitaji mlezi wakati wote anaweza kuombewa shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, ambazo maombi na malalamiko yake hupitia ofisi za ustawi wa jamii za kaunti ndogo. Kadi hiyo haiilazimishi NSSF wala Mkurugenzi kukubali dai, kwa maana kila sheria ina kipimo chake, lakini ripoti ya upimaji iliyotangulia kadi ni ushahidi halali, na ni kosa kuiacha nyumbani.

Anayefika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huko Milimani si lazima awe na wakili. Sheria ya mahakama hiyo ya mwaka 2011 inamruhusu mtu kujitetea mwenyewe au kuwakilishwa na afisa wa chama chake cha wafanyakazi. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Ole Odume Road huko Kilimani, na huwasaidia wasio na uwezo wa kulipa. Rufaa ya WIBA haifungui ajali upya. Jaji hutazama kama Mkurugenzi alikosea kisheria au alipuuza ushahidi uliokuwa mbele yake, na ndiyo sababu ripoti ya bingwa iliyoletwa mara ya kwanza mahakamani, bila ya kuwahi kuwekwa kwenye pingamizi, hukutana na swali gumu la kwa nini haikutolewa mapema.

Linabaki jambo moja ambalo wabunge hawajalimaliza. Sheria inampa mwajiri au kampuni ya bima siku 90 za kulipa tangu dai lilipowasilishwa kwake, lakini haikueleza waziwazi afanyeje mfanyakazi ambaye Mkurugenzi ameshamkadiria fidia, fomu ya tathmini iko mkononi, na mwajiri halipi wala hapingi. Majaji kadhaa wa mahakama hiyo wameliziba pengo hilo kwa kukubali tathmini ya Mkurugenzi isiyopingwa kuwa hukumu ya mahakama, ili itekelezwe kama deni lingine lolote, pamoja na riba. Anayetaka kulipwa kwa njia hiyo hupeleka mahakamani fomu ya tathmini, uthibitisho kwamba mwajiri aliipokea, na uthibitisho kwamba siku 60 za kupinga zilipita bila pingamizi, maana katika hatua hii muda uliokuwa ukimbana aliyeumia humgeukia mwajiri aliyekaa kimya.